Mkono wa Kreni

Jumatatu, 3 Machi

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo amenipa daftari hili niandike kila siku nimekunja goti mara ngapi na limeuma kiasi gani. Leo mara nane. Limeuma kiasi cha kumtukana yeye na daftari lake, kimoyomoyo.

Ukurasa una nafasi, basi naandika na mengine. Mimi ni opereta wa kreni ya mnara, mwaka wa ishirini na saba sasa. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nashuka ngazi baada ya zamu. Mita sabini nimeshuka salama salimini, vikabaki vipandio vinne tu, nikateleza. Nimeanguka kimo cha meza! Wenzangu walidhani natania mpaka walipoona kiatu changu kimeelekea nyuma. Mguu wa kulia, mifupa miwili.

Kwangu ni ghorofa ya nne, hakuna lifti, kwa hiyo binti yangu amenihamishia kwake. Yeye ni muuguzi, anatoka asubuhi na mapema, anarudi jioni. Kutwa tunabaki mimi na mume wake, ambaye ni fundi saa na anafanyia kazi hapa hapa nyumbani. Kitanda changu kimewekwa sebuleni kando ya dirisha. Meza yake iko kwenye kona. Mama mkwe na mkwe, chumba kimoja, na nje mvua haina dalili ya kukatika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu mpaka chakula cha mchana.

Jumanne, 4 Machi

Goti mara kumi. Mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Goti mara kumi na moja. Sina budi kusema ukweli kwenye daftari langu mwenyewe: huyu mkwe sikumtaka. Si mlevi, si mkorofi, wala hajawahi kunitolea neno baya. Lakini binti yangu nilimlea peke yangu kwa kuinua vyuma na zege, halafu akaniletea mwanaume anayeshika kibano kutwa nzima. Amejifunga taa kwenye paji la uso kama mchimba madini, ili aonekane ana kazi kubwa. Ikifika saa nne anafunika vipande vya saa kwa bakuli la kioo, anawasha runinga, na anacheza gemu ya maroboti. Mtu mzima!

Jumamosi, 8 Machi

Leo nilitoa neno bila kukusudia. Alikuwa anacheza na wenzake kwa mtandao, hedifoni masikioni, na mimi najifanya nimelala. Kwenye skrini jitu moja la chuma lilikuwa linageuka kwenye mteremko huku limenyanyua mzinga upande wa bondeni.

"Litaanguka hilo," nikasema.

Likaanguka. Likabingirika mpaka mtoni.

Mkwe wangu akavua hedifoni, akanigeukia. "Mama umejuaje?"

"Uzito wote ameupeleka upande mmoja, na udongo wenyewe umelowa. Hata kreni yangu pale ingepinduka."

Akarudisha picha nyuma, akatazama tena. Akairudisha tena. Siku nzima nilimwona anafikiri.

Jumanne, 11 Machi

Goti mara kumi na tano. Mkwe wangu amekuja na chai, akasimama huku anatazama sakafu. Mchezaji wao wa nne amehamishwa kikazi. Ligi inaanza Jumamosi. Je, mama angependa, kama si usumbufu, kujaribu?

Nilicheka mpaka mguu ukauma. Kisha nikakubali, kwa sababu nimeshahesabu maua yote ya pazia, ni mia moja na kumi na mawili.

Alhamisi, 13 Machi

Siku mbili za masomo. Ni hivi: kila upande una majitu manne, kila mchezaji na lake. Kila zamu mnapewa sekunde sitini kupanga, halafu pande zote mbili zinatembea kwa pamoja. Huoni adui anapanga nini, unakisia. Silaha zinatoa joto. Ukifyatua mno jitu linazimika, linabaki limesimama kama sanamu na wenzio wanakusonya. Unashinda kwa kuangusha majitu yote ya adui, au kwa kuushika mnara wake kwa zamu tatu mfululizo. Mechi ni raundi tatu, atakayechukua mbili ndiye mshindi.

Nilidhani ni mchezo wa kufyatua hovyo. Sivyo. Ni mchezo wa uzito, ardhi na subira. Nimeufanya mchezo huu maisha yangu yote, ila mimi sikuwahi kurushiwa makombora.

Jumamosi, 15 Machi

Mechi ya kwanza, saa nane mchana. Tumechapwa raundi mbili bila.

Wenzetu wawili nawajua kwa sauti tu. Mmoja ni mwokaji mikate, wanamwita Hamira. Ana jitu zito kuliko yote, na anacheka hata akiwa anakufa. Mwingine ni daktari wa meno, mwanamke, jina lake la vitani ni Ganzi, na kweli hana hisia. Mkwe wangu ndiye kapteni, wanamwita Kibano.

Tatizo lilikuwa adabu. Nilikuwa nimesimama mahali pabaya na mkwe wangu aliona. Alisema hivi: "Mama, samahani, sijui kama itakuwa vibaya, nilikuwa naomba, kama hutojali, urudi..." Sekunde sitini zikaisha. Nikalipuliwa pamoja na hilo neno "urudi".

Ganzi akasema, "Kapteni, huyo ukimwomba hivyo tutafika fainali sote tumezeeka."

Baada ya mechi nikamwita mkwe wangu. Nikamwambia, nje ya gemu mimi ni mama yako mkwe na shikamoo zangu nazitaka. Ndani ya gemu sina ukwe. Niite Kreni, na unifokee. Akajibu, "Sawa, mama."

Jumatatu, 17 Machi

Mazoezi. Alinifokea kwa mara ya kwanza: "Kreni, kushoto!" Halafu akaomba msamaha. Bado safari ni ndefu.

Jumamosi, 22 Machi

Tumeshinda 2–1! Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumatano, 26 Machi

Goti mara thelathini. Nimegundua kitu. Hamira alipojificha mtoni joto lake lilishuka haraka. Nikamuuliza Kibano, akasema ndiyo, maji yanapoza, lakini hakuna anayekaa mtoni kwa sababu miguu inanasa kwenye tope. Tukashinda asubuhi nzima tunapima. Tope linanasa ukiwa unatembea. Ukisimama bila kusogea, halikudhuru kitu, na unaweza kufyatua mara mbili zaidi ya yule aliye nchi kavu.

Saa ya mteja mmoja ilikuwa inasubiri mezani. Kibano aliitengeneza mchana akiwa anapiga mluzi.

Jumamosi, 29 Machi

2–0. Nilikaa mtoni kama kiboko na nikaangusha majitu matatu. Kwenye ukurasa wa ligi watu wanauliza huyu Kreni ni kijana wa wapi.

Alhamisi, 3 Aprili

Plasta imetolewa. Mguu wangu umebaki kama ufito. Nimempigia simu msimamizi wetu wa ujenzi, akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza: "Usijali dada, ukishindwa ngazi tutakutafutia nafasi ghalani." Ghalani! Nihesabu misumari!

Jumamosi, 5 Aprili

Tumekutana na mabingwa wa misimu mitatu. Kapteni wao anaitwa Nyundo. Haongei na wapinzani, hakosei, hana haraka. Tumechapwa 2–0, na raundi ya pili ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha yai. Hamira tu ndiye aliyecheka.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Goti arobaini. Mvua.

Jumamosi, 12 Aprili

Mechi ya leo naiandika kama ilivyokuwa.

Raundi ya tatu, tuko sawa, 1–1. Kulikuwa na kilima kirefu katikati. Mimi ndiye niliyekuwa na mzinga mrefu. Kibano akasema, "Kreni, panda kilimani, umlinde Hamira avuke."

Nikasema joto langu liko juu, nitazunguka bondeni.

"Joto lako ni la kawaida, nakuona. Panda."

"Nazunguka."

"Kreni, panda!"

Nikazunguka. Hamira akavuka akiamini niko juu yake, na juu yake hapakuwa na mtu. Walimpiga pande tatu. Kisha Ganzi, kisha Kibano, kisha mimi niliyekwama kule bondeni na mzinga wangu mrefu usioona kitu.

Ganzi akasema taratibu kama kawaida yake, "Ungepanda tungeshinda."

Hapo ndipo nilipoharibu. Badala ya kunyamaza nikavua hedifoni, nikamgeukia mkwe wangu na kusema kwa sauti ambayo nyumba nzima iliisikia: "Mtu anayeshinda kutwa na vibano ndiye atanifundisha mimi habari za kupanda juu?"

Alizima runinga, akafunika vipande vyake kwa lile bakuli, akatoka na mvua ile bila mwavuli. Nilipogeuka nikamwona binti yangu amesimama mlangoni, sare imelowa, funguo bado ziko mkononi. Alikuwa amesikia yote.

Jumapili, 13 Aprili

Binti yangu hakupiga kelele. Laiti angepiga.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akasema, "Mama, hivi vishikio vya bafuni unadhani vimeota?"

Nikasema nilidhani waliita fundi seremala.

"Alivipiga yeye, siku uliyokuwa hospitali. Alipiga simu kuniuliza kimo cha bega lako." Akapapasa godoro. "Na hapa unapolala, dirishani, unajua palikuwa na nini?"

Sikujua.

"Meza yake. Fundi saa anahitaji mwanga wa mchana, mama. Alikuachia mwanga, yeye akahamia kwenye kona. Ile taa ya usoni unayoicheka ameinunua kwa ajili hiyo."

Akanibusu kwenye paji la uso, akaenda kazini. Mimi nikabaki na mwanga wote ule.

Jumatatu, 14 Aprili

Mama mkwe kumwomba radhi mkwe wake si jambo jepesi. Nililirudia kichwani tangu alfajiri. Alipokuja na chai nikamwambia, "Mkwe wangu, kaa." Akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Juzi nimekukosea. Na si juzi tu, ni tangu siku ulipokuja kuposa. Nisamehe."

Akatazama mikono yake. "Yamekwisha, mama."

"Hayajaisha, ila yataisha. Na hii meza yako irudi dirishani leo hii hii."

"Meza inaweza kusubiri." Kisha akavuta pumzi. "Mama, naomba niseme jambo la kwenye gemu."

"La kwenye gemu sema na Kreni."

Akanyanyua macho. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kutazamana. "Kreni, hupandi. Mechi tano nimehesabu. Kila penye kilima unapata sababu. Joto, risasi, tope. Kilima hata kimoja hujawahi kupanda."

Nilitaka kubisha. Nilifungua mdomo kabisa. Badala ya neno yakatoka machozi, ya mtu mzima, yenye kwikwi. Nikamwambia ambalo sijamwambia daktari wala binti yangu: tangu nianguke, nikifumba macho nahisi kile kipandio kinaondoka chini ya mguu. Mimi niliyekula chakula cha mchana mita sabini juu kwa miaka ishirini na saba, sasa naogopa kusimama juu ya stuli. Na hata lile jitu la chuma, ambalo si mguu wangu wala mfupa wangu, nikiliona limekaribia ukingo moyo unanidunda.

Hakunipa pole. Namshukuru kwa hilo. Alisema tu, "Basi leo tunapanda kichuguu kidogo kuliko vyote vilivyomo kwenye gemu. Mara kumi. Kesho kinachofuata."

Tulihamisha meza kwanza. Mimi nilishika upande mwepesi.

Jumatano, 16 Aprili

Goti hamsini. Vilima vitatu. Nimetokwa na jasho kwenye vyote, goti na vilima.

Ijumaa, 18 Aprili

Niliwaomba radhi Ganzi na Hamira kwa hedifoni. Hamira akasema alishasahau, mikate haimwachii nafasi ya kununa. Ganzi akasema, "Sawa. Panda kesho."

Jumamosi, 19 Aprili

Nilipanda. Kilima cha wastani tu, lakini nilipanda. 2–1.

Jumanne, 22 Aprili

Leo nimefungua orodha ya vifaa vya majitu mpaka mwisho kabisa, pale ambapo hakuna anayefika, nikakuta mkono wa kunyanyua. Kreni! Kabla ya zamu ya kwanza unaondoa mzinga mmoja, unafunga huo mkono mahali pake. Kibano akasema hakuna anayeutumia katika ligi nzima. Ukinyanyua kitu kizito jitu lako linapinduka.

Nikamuuliza, "Linapinduka kwa nini?"

"Kwa sababu ni zito."

"Hapana. Linapinduka kwa sababu anayenyanyua hajui kunyanyua. Lete hilo jitu lako dogo hapa."

Tumeanguka mara sita. Mara ya saba nikaona kosa: mzigo ukiwa hewani unayumba hata sekunde za kupanga zikiwa zinakwenda, na kila mtu huujibu kwa kuvuta upande wa pili. Mzigo unaoyumba huvutwi, unafuatwa. Unaupelekea mkono kule unakoelekea, unatulia wenyewe. Mara ya nane nilimwinua Kibano nikamweka juu ya paa la ghala, kama mtu anayeweka kikombe kwenye sahani.

Mkwe wangu akaweka kontrola chini. Kisha akasema, kwa sauti ya ajabu, "Tusimwambie mtu."

Jumamosi, 26 Aprili

2–0. Tumeingia nne bora. Ule mkono hatukuutoa.

Jumatatu, 28 Aprili

Mazoezi kutwa. Hamira sasa anasimama nyuma yangu na kukanyaga kisigino cha jitu langu. Uzito wake unanishikilia, namwinua Kibano mbali mara mbili ya mwanzo. Ganzi akatazama, akasema, "Hii ni haramu au?" Tumesoma kanuni zote. Si haramu. Hakuna aliyewahi kuifikiria tu.

Jumamosi, 3 Mei

Nusu fainali. Tuliingia bila mkono wa kunyanyua, mzinga mrefu mahali pake. Uwanja ulikuwa mlima mmoja mkubwa, mwembamba juu, maporomoko pande zote. Kibano hakusema panda. Alinisubiri.

Nikapanda. Nilihesabu hatua kama ninavyohesabu vipandio. Kwenye ukingo wa mwisho jiwe lilimeguka chini ya mguu wa jitu, mkono wangu ukaganda juu ya kontrola, na sekunde zikawa zinakwisha. Nikasikia sauti ya mkwe wangu masikioni, ya chini kabisa: "Uko imara. Mguu wa kushoto uko kwenye mwamba." Nikaangalia, kweli. Nikasogeza wa kulia.

Kutoka kule juu niliona kila kitu. Kila mmoja wao, kila njia, kila pa kujificha. Hawakumaliza zamu nne. 2–0.

Binti yangu, ambaye msimu mzima amekuwa akisema nyumba yake imekuwa kambi ya jeshi, alituletea soda wote wawili akasema, "Haya, wanajeshi."

Jumanne, 6 Mei

Daktari amesema mfupa umeunga vizuri. Nilimuuliza kama nitapanda ngazi. Akasema mguu uko tayari, kilichobaki ni mimi. Nikamwambia hilo linashughulikiwa.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua imekuwa ya rasharasha. Goti mia moja. Fainali ni kesho, ukumbini, ana kwa ana. Nimepiga pasi shati langu la kazi.

Jumapili, 11 Mei

Jana sikuweza kuandika. Leo naandika polepole nisiruke kitu.

Ukumbi ulikuwa wa chuo cha ufundi, viti vya plastiki, skrini kubwa kama ukuta wa nyumba. Watu walijaa mpaka madirishani. Hapo ndipo nilipowaona wenzetu kwa macho. Hamira ni mwembamba kama uzi, nilitarajia pipa. Ganzi ni mfupi, mcheshi, amevaa viatu vyekundu; alinikumbatia kwa nguvu mpaka gongo langu la kutembelea likaanguka. Msichana mtangazaji alikagua orodha, akasema, "Kreni bado hajafika?" Nikanyanyua mkono. Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, halafu wengi. Kibano akawageukia na uso ambao sijawahi kumwona nao. Nikamshika bega. "Waache," nikamwambia. "Sekunde sitini tu."

Raundi ya kwanza Nyundo alituponda. Sina la kuongeza.

Raundi ya pili palikuwa na mto, na sisi tukaingia mtoni wote wanne, miguu kwenye tope, tukasimama. Yeye alidhani tumenasa. Alipotukaribia tukafyatua zamu tatu bila kupumzika, na majitu yake, yakijitahidi kujibu, yakaanza kuzimika kwa joto moja baada ya jingine. Tukawa 1–1. Kicheko ukumbini kilikuwa kimeisha.

Raundi ya tatu. Korongo refu, daraja moja. Nyundo akaweka majitu mawili mazito juu ya daraja, mawili nyuma yao, na mnara wake ng'ambo. Ukuta mtupu. Kibano akatutazama mmoja mmoja. Akasema, "Kreni, funga mkono wa kunyanyua."

Ganzi akaenda darajani peke yake kuwachokoza. Hamira akakanyaga kisigino changu. Mimi nikasimama kwenye ukingo wa korongo, vidole vya miguu ya jitu vikining'inia hewani. Nikamshika Kibano kiunoni. Mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti, "Sielewi... Kreni anampiga mwenzake?"

Zamu ya kwanza, nikamnyanyua. Akayumba. Zamu ya pili nikamtoa juu ya korongo. Ganzi alikuwa amepoteza mguu mmoja, anapigana amepiga goti. Kila kombora lililotua kwake lilitikisa ukingo niliosimama.

"Niachie," akasema Kibano.

"Bado."

"Ganzi anakufa, niachie!"

"Bado unayumba. Ukitua hivi unavunjika."

Ganzi akasema, taratibu, "Nina zamu moja. Msigombane."

Nilimfuata anakoyumba. Kushoto, nikapeleka mkono kushoto. Kulia, kulia. Sikusikia ukumbi tena, wala mvua juu ya bati. Nilikuwa kwenye kibanda changu, mita sabini juu, na nilikuwa na mzigo ambao haukupaswa kuvunjika. Sekunde ya hamsini na nane akatulia. Nikasema, "Sasa," nikafungua vidole.

Akatua ng'ambo kwa miguu miwili.

Ukumbi ulilipuka. Nyundo aliona, lakini majitu yake mazito yalikuwa darajani yakitazama upande wetu, na jitu zito kugeuka ni zamu mbili. Kibano akakimbia mpaka mnarani. Zamu moja. Ganzi akaanguka, na alipoanguka akaziba daraja kwa mwili wake. Zamu mbili. Mawili yaliyobaki nyuma yakamfuata Kibano; mimi na Hamira tukayafyatulia kutoka ng'ambo mpaka Hamira akazimika kwa joto huku anacheka. Mkwe wangu alibakiwa na silaha nyepesi na ngao iliyotoboka, na akawa anajibanza, anasogea kidogo, anakwepa kidogo, kwa usahihi wa unywele, kazi ambayo hakuna mkono duniani ungeiweza isipokuwa mkono wa fundi saa. Nilimtazama nikajua sijawahi kuona ufundi mkubwa kuliko ule. Zamu tatu.

Mnara ukawaka rangi yetu.

Sikumbuki nani alimkumbatia nani. Nakumbuka mkwe wangu, aliyekuwa hanitazami usoni, amenishika mabega anafoka, "Kreni! Kreni! Kreni!" na binti yangu amesimama juu ya kiti na sare yake ya hospitali, anapiga mluzi kwa vidole.

Nyundo akaja. Ni bwana mmoja mpole mwenye miwani, karani wa mahakama. Akainama mbele yangu. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Ule mkono, naomba unieleze."

"Kaa," nikamwambia, nikamchorea nyuma ya karatasi ya ratiba. Alisikiliza kama mwanafunzi. Alisema leo atakuwa anajaribu, na ninamwamini.

Kisha watu wakaanza kudai waone tena. Msichana mtangazaji akarudisha ile zamu kwenye skrini kubwa: jitu moja ukingoni, jingine hewani, korongo chini. Wakadai tena. Mara ya tatu sikutazama skrini, niliwatazama wao. Kreni iko juu mno. Miaka ishirini na saba nimenyanyua maghorofa ya watu, na kwangu waliokuwa chini walikuwa kofia tu, nukta za njano. Jana ndiyo mara ya kwanza nimewaona watu usoni wakati mzigo wangu uko hewani. Mamia ya watu, shingo zimenyooka, midomo wazi, hakuna anayepumua.

Halafu ukatua, na wote wakapumua pamoja.